Mkweche wa Isevya wagoma kwenda skrepa

Wiki iliyopita mlinikosa kwenye kona hii, na nasikia kuna washikaji walianza kueneza kwamba nimeingia mitini na hela ya mhariri. Uzushi mtupu. Kwanza mhariri mwenyewe hana hela. Nilikuwa Tabora, mtaa wa Isevya, nimelala kwenye gunia chini ya lori la dizeli, mgongo chini macho juu, oili nyeusi ikinidondokea shingoni tone moja moja.

Najua vijana wa mjini mkisikia neno gari mnawaza kitu chenye kiyoyozi, vioo vya giza na redio ya kutikisa mtaa. Hili ninalowaletea leo halina redio. Mlango wa kushoto unafungwa kwa waya. Ni Bedford ya pua, ile aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958 na ikajaa kwenye barabara za Afrika Mashariki mpaka watoto wakawa wanaichora mchangani. Silinda 6, injini ya dizeli ya lita 5.4, na sauti ambayo ukiisikia saa kumi alfajiri hulali tena.

Mzee wetu aliununua mkweche huu mwaka 1984, tena ukiwa mtumba. Umebeba tumbaku ya Urambo, asali ya Sikonge kwenye madebe, mbao za mninga, wagonjwa wa kupeleka Kitete na maharusi wasiohesabika. Ada za shule za watoto watano zilitoka kwenye lile bodi la mbao. Mdogo wangu wa kike alizaliwa humo humo ndani ya kabini, mwezi wa pili, mvua inanyesha, lori limezama kwenye tope upande wa Sikonge na Mzee akiwa hajui ashike jeki au amshike Mama. Shangazi zetu wanasema ndiyo maana binti yule hana woga wa grisi.

Ila kwa miaka tisa sasa lori lilikuwa limelala chini ya mwembe uani. Kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Ndipo kaka yetu mkubwa akaitisha kikao cha ukoo kwa simu, akasema maneno ambayo kusema kweli yalikuwa na akili. Mzee ana presha, dawa ni hela kila mwezi. Ule uwanja unaokaliwa na lori ungetosha vyumba vinne vya kupangisha. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mtaani kila siku, wanapima kwa kilo, wanalipa papo hapo. "Tunafuga maiti ya chuma," akasema Kaka. Wengine wote wakaguna kukubali.

Mzee hakubisha. Alisema tu: "Nipeni wiki moja. Nileteeni na mtu mwenye mikono." Mdogo wangu yupo Tabora, amesomea ufundi wa magari VETA, huyo mikono anayo. Wa pili nikachaguliwa mimi, kwa hoja kwamba kazi ya kuandika magazetini siyo kazi. Haya.

Sasa kwa wale ambao somo la historia lilikuwa linawapitia kushoto, Tabora tangu zamani ni mahali watu wanasimama kutengeneza safari. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, hapa Unyanyembe, ambapo Waarabu walipaita Kazeh, ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: wengine Ujiji, wengine Karagwe, wengine kusini. Mzigo mmoja wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na kutoka pwani mpaka hapa ilikuwa miezi mitatu hivi kwa miguu. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo mpaka ikawa sifa ya kabila zima. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia pembe na watumwa, tusijifanye hatujui. Ile miembe mikubwa mnayoiona Tabora, Ujiji na Bagamoyo inatukumbusha njia hiyo, na lori letu lilikuwa limelala chini ya mmoja ambao hata babu yake Mzee aliukuta.

Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye tairi. Lori la tani 5 likijaa linabeba mzigo wa wapagazi 166. Mdogo wangu akasema ndiyo, lakini wapagazi 166 hawahitaji nozeli.

Na siku hizi watu wakilalamika kwamba spea zinachelewa, mimi namkumbuka Dk. Livingstone. Machi 1872 Stanley alimwacha pale Kwihara, nje kidogo ya mji, akaenda pwani kumtafutia wapagazi na vifaa. Mzee wa watu akakaa kwenye tembe miezi mitano akisubiri, mpaka Agosti 25 ndipo akaondoka. Miezi mitano anasubiri spea! Ile tembe ni makumbusho leo, nendeni mkaione mkifika, kuliko kukaa hotelini mnachati.

Tuje kwenye kazi. Nilifikiri tutaweka betri mpya, tutapiga stata, liwake au lisiwake, nirudi zangu Dar. Mzee akaniangalia kama anaangalia mtu anayetaka kumwamsha mgonjwa wa koma kwa kumpiga kofi. Injini iliyolala miaka haipigwi stata. Ringi za pistoni zinakuwa zimeshika kutu kwenye kuta za silinda, ukizilazimisha zinavunjika, na hapo skrepa wameshinda.

Siku ya kwanza tulitoa nozeli zote 6. Ndani ya kila tundu Mdogo wangu akamimina vijiko kadhaa vya dizeli iliyochanganywa na oili, tukafunika kwa matambara, tukaacha mpaka kesho kutwa. Kisha likaja zoezi la kuzungusha injini kwa mkono, kwa nondo ndefu kwenye puli ya mbele. Hapo ndipo niligundua kwa nini nilichaguliwa. Nilisukuma mpaka jasho likaingia machoni. Haikusogea hata chembe. Mzee kakaa kwenye kigoda, anakunywa uji, anasema: "Usiivute kwa hasira. Ipeleke mbele kidogo, irudishe nyuma kidogo." Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Saa nzima. Mara ikatoa mlio kama mlango wa ghala, ikazunguka robo. Majirani wakapiga makofi. Nilijiona babu kubwa.

Labda nieleze kidogo kwa nini dizeli ni mnyama mwingine. Gari la petroli lina plagi inayotoa cheche. Dizeli haina. Pistoni inabana hewa mpaka inabaki sehemu moja ya kumi na sita au hata pungufu, hewa inapata moto unaozidi nyuzi 500, halafu nozeli inapuliza dizeli kama ukungu, inawaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani, ndiye aliyefanikiwa kuiendesha mwaka 1897. Mwenyewe alipotea baharini Septemba 1913 akiwa kwenye meli ya kwenda Uingereza, na mpaka leo watu wanabishana kama alijirusha au alisukumwa. Hiyo ni kasheshe ya siku nyingine.

Kwa hiyo dizeli inataka vitu viwili tu, mbano wa kutosha na mafuta masafi. Na usafi wenyewe siyo wa kuzuga. Ndani ya pampu ya dizeli kuna vyuma vinavyoingiana kwa nafasi ya elfu mbili au tatu za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara 20, hata kama umeupunguza saluni. Sasa tone la maji au punje ya kutu likipita hapo, kwaheri pampu.

Ndiyo maana siku ya pili nzima iliishia kwenye tangi. Tulilishusha, tukamwaga yaliyokuwemo: maji chini, tope la kutu katikati, juu kitu kinachonuka kama rangi iliyooza. Maji yanaingiaje wakati hakuna aliyeyaweka? Tangi likikaa nusu tupu, usiku wa baridi hewa ya ndani inatoa umande, umande unashuka chini, mwaka unaisha, unapata ndoo. Mzee enzi zake alikuwa akirudi safari anajaza tangi jioni ile ile, hata kama hana hela ya mboga. Mama alikuwa anamsema sana kwa hilo.

Kusafisha ni hivi. Unatia kokoto safi na kipande cha mnyororo ndani ya tangi, unatia dizeli kidogo, unaziba, unaita watoto wa mtaa. Walilibiringisha lile tangi uani kuanzia saa nne mpaka adhana ya alasiri, malipo ni karanga za kukaanga na kuahidiwa kupanda siku litakapowaka. Tulisuuza mara tano kwa dizeli. Kwa maji hapana, usithubutu.

Kuna jambo moja dogo nililipenda. Chini ya kila nozeli pana washa ya shaba. Ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu na haizibi tena vizuri. Duka moja walitaka kutuuzia mpya ambazo zilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mdogo wangu akazirudisha. Alichukua zile za zamani, akazifunga kwenye waya, akazichoma kwenye jiko la mkaa mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye maji. Shaba ukiifanyia hivyo inalainika, tofauti na chuma cha pua ambacho kingekuwa kigumu zaidi. Zikawa kama mpya. Gharama: mkaa wa kupikia chai.

Siku ya tatu ikawa ya tapeti. Hapa kuna ujanja ambao utakufanya uonekane fundi hata kama hujui kitu. Injini nyingi za silinda 6 za mstari zinawaka kwa utaratibu wa 1-5-3-6-2-4. Zipange mbili mbili ambazo jumla yake ni 7, yaani 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Zungusha injini polepole mpaka uone valvu za silinda ya 6 zinapishana, moja inafunga nyingine ndiyo inaanza kufungua. Wakati huo valvu zote mbili za namba 1 zimefunga kabisa, kwa hiyo unaziseti hizo. Zikipishana za namba 1, unaseti za 6. Na zote zilizobaki hivyo hivyo. Mzee alizitaja kwa kichwa akiwa amefumba macho, na mkono wake wenye presha ulipokuwa unatetemeka alimpa Mdogo wangu fila, yeye akabaki anasikiliza jinsi chuma kinavyoteleza. "Imebana." "Hapo. Acha." Sikuwahi kuwaona wale wawili wakielewana namna ile. Nyumbani wanagombana hata juu ya chumvi.

Tukabadilisha oili, filta mpya za dizeli, na lile dude la kuchuja hewa. Bedford hii inatumia bakuli la oili. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa humo. Likijaa tope unamwaga, unaosha, unatia oili mpya mpaka kwenye alama. Zamani, kabla barabara za huku hazijapata lami, Mzee alikuwa akiliosha kila jioni akipita barabara ya Urambo wakati wa kiangazi. Wenzake walikuwa wanamcheka. Injini zao zilianza kutoa moshi wa bluu mapema, ya kwake ikaendelea kudunda.

Moshi, ndugu msomaji, ujifunze kuusoma hata kama huna gari, utakusaidia kuchagua daladala. Mweusi: mafuta mengi kuliko hewa, filta imeziba au nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Bluu: injini inaunguza oili yake yenyewe, ringi au valvu zimechoka. Mweupe wakati wa asubuhi baridi ni kawaida, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, angalia kama maji hayaingii kwenye silinda kupitia gasketi.

Na kitu kingine, maana najua kuna fundi wa mtaani atakwambia utoe thamostati uitupe, eti Afrika kuna joto. Huo ni ushamba. Injini ya dizeli inayokimbia baridi haiunguzi mafuta vizuri na inakula kuta za silinda. Ile thamostati Mzee aliichemsha kwenye sufuria la Mama, akaiona inafunguka, akairudisha. Mama alipojua sufuria limetumika kwa nini, ilikuwa noma kuliko injini yenyewe.

Siku ya nne kutoa hewa. Dizeli ikiwa na kiputo kimoja cha hewa kwenye njia yake haiwaki, maana hewa inabonyea, mafuta hayabonyei. Tukatundika dumu la lita 20 kwenye tawi la mwembe, mpira ukashuka mpaka kwenye filta. Unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapampu kwa mkono, yanatoka mapovu, unaendelea mpaka yatoke mafuta matupu, unakaza. Unahamia kwenye pampu, hivyo hivyo. Mwisho unalegeza nati za mabomba ya nozeli wakati mwenzako anapiga stata. Angalizo: usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Mgandamizo wake ni zaidi ya mara 20 wa ule wa tairi la lori. Dizeli inapenya ngozi bila hata kuuma sana, na baada ya hapo unaweza kupoteza mkono.

Kabla ya kuwasha, Mzee aliomba kipande cha ubao kilichozungushiwa mpira wa tyubu. Akakishika mwenyewe, akasimama pembeni ya mdomo wa kuvutia hewa, kile kichujio tukiwa tumekiondoa. Vijana waliokuja kushuhudia wakaanza kucheka, "Babu anataka kuipiga injini kibao?" Nami nikauliza. Akanijibu kwamba kile kijiti kinachoteleza ndani ya pampu, kinachopunguza na kuongeza mafuta, alikijaribu na kinakwenda, "lakini kinakwenda kama mtu asiyetaka."

Mdogo wangu akapiga stata. Moja. Mbili. Moshi mweupe. Mara ya tatu ikakohoa, ikashika! Watoto wakaruka, Mama akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika. Nilikuwa nataka kupiga picha, simu iko mkononi tayari.

Halafu ikaanza kupanda. Sauti ikazidi, ikazidi tena, wakati mguu wa Mdogo wangu haukuwa kwenye mafuta. Akavuta kitasa cha kuzimia. Wapi! Lori zima likaanza kutetemeka, kioo kikadondoka, moshi mweusi ukafunika mwembe. Kufunga funguo hakusaidii kitu, maana hakuna cheche ya kukata. Ina mafuta na ina hewa, na itaendelea mpaka ipasuke. Watu wakakimbia. Nami nilisogea, sisemi nilikimbia, nilisogea haraka.

Mzee hakusogea. Aliegemea mbele, akabandika ule ubao kwenye mdomo wa hewa, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Injini ikavuta, ikakoroma, ikakosa pumzi, ikazima. Kimya. Tulisikia tu maji yanachemka kwenye radieta.

"Sasa tufungue pampu," akasema.

Nilimwangalia yule mzee wa presha na nikaelewa kwa nini Kaka alitaka liuzwe, na kwa nini lisiuzwe, vyote kwa mpigo. Mdogo wangu alifungua kifuniko cha pembeni cha pampu. Kijiti kilikuwa kimepakwa utando wa dizeli ya zamani uliokauka kama gundi ya kiatu; kikiwa baridi kinateleza kidogo, kikitikiswa na injini kinang'ang'ania. Tukakiosha kwa dizeli safi, tukakisogeza mbele na nyuma nadhani mara mia tatu, mpaka kikawa kinaanguka chenyewe kwa uzito wa kidole. Kesho yake ikawaka, ikatulia, ikaunguruma taratibu kama paka wa bwanyenye. Ubao wa Mzee ulikuwepo pale pale, safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo tulikaa na wazee wa mtaa, na stori ikafika Urambo. Hii lazima niwape. Mwaka 1946 Waingereza walipata wazo la kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3, wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Maeneo yalikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo yetu hii. Wakaleta matrekta ya mitumba ya jeshi, wakachukua hata vifaru vya vita vya Sherman wakavigeuza matrekta, wakaviita Shervick. Mashine zikaharibika haraka kuliko zilivyotengenezwa: udongo unakula vyuma, spea hazifiki, madereva wamepewa mafunzo ya harakaharaka. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zimeyeyuka. Urambo wakahamia kwenye tumbaku. Kinachonichekesha ni kwamba kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga na watu hata hawakugundua tofauti. Yaani wangekuwa na mafundi wenye subira, matrekta yangejilimia chakula chao. Mzee mmoja hapo kijiweni akadai tatizo la wale mabwana lilikuwa moja tu, kila mashine ilikuwa ya serikali, hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu.

Kaka alifika siku ya sita kutoka Mwanza. Akasikiliza injini, mikono mfukoni. Akasema, "Kuunguruma siyo kuingiza hela." Nilitegemea Mzee atafoka. Wapi, akamwambia, "Kweli, mwanangu. Na mimi siendeshi tena, macho hayaoni." Akaeleza alichokuwa amekipanga muda wote huo bila kumwambia mtu. Vyumba vinne vijengwe, lakini matofali, mchanga na kokoto vya ujenzi huo vibebwe na lori hili, na dereva awe Mdogo wangu. Vikiisha, mtaa una watu wengi wanaojenga. Lori litahamia pembeni mwa ukuta. Mdogo wangu alikuwa anafuta spana, akainamisha kichwa, akaifuta ile spana moja muda mrefu sana.

Kaka akafikiri. Akazunguka lori mara moja, akapanda, akakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka chini kabisa kama imeangukia kisimani.

Na hapo ndipo tulipo. Hizi ni breki za maji, siyo za upepo. Tulipofungua magurudumu tukakuta kwamba dereva mmoja wa kukodi, miaka hiyo ya mwisho, aliishiwa mafuta ya breki akatia oili ya injini. Msije mkathubutu. Oili ya injini inavimbisha mipira ya ndani ya silinda za breki, inakuwa laini kama maandazi yaliyolowa. Mipira yote imekufa, ya magurudumu yote manne pamoja na silinda kuu. Mzee akatoa amri moja ambayo hata Kaka aliiunga mkono: lori lisivuke geti mpaka breki zipone, hata kwa kusukumwa, hata kwenda hapo dukani. Injini isiyowaka haijawahi kuua mtu, alisema, na akaenda kulala.

Kwa hiyo nimerudi Dar na mfuko wa nailoni wenye mipira ya breki iliyovimba, moja ya kila saizi, na vipimo vya silinda vimeandikwa na Mdogo wangu kwa mwandiko wake mbovu. Nimeshazunguka Gerezani siku mbili. Wengi wakisikia Bedford ya pua wananiuliza kama nafungua makumbusho. Jamaa mmoja mzee kaniambia nirudi Alhamisi, ana boksi la zamani kwenye stoo, halijafunguliwa siku nyingi. Tairi nazo zina ile ringi ya kufuli, ambayo ikiruka wakati wa kujaza upepo inakata kichwa, kwa hiyo natafuta pia mnyororo mzito wa kuzifunga zikiwa zinajazwa. Msomaji mwenye kujua duka lenye mipira hiyo, au mwenye babu mwenye Bedford iliyolala, aniandikie kwa anuani ya gazeti. Alhamisi hiyo nitakuwa Gerezani saa mbili asubuhi.